Siku Tisa Nilizomzuia Tata Kazadi

Vijana wa idara ya mafunzo waliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukichagua watu wa kazi zamani, kabla ya kompyuta. Nadhani walitaka kurasa mbili za heshima, za kusomwa siku ya kuniaga, kisha watu wanywe soda. Siku ya kuniaga imepita, soda zimenywewa, na kurasa sikuzileta. Sasa niko nyumbani Dilala, magoti yananiuma, muda ninao, na ninaandika kwa namna yangu. Nitawaeleza habari za ubao wa bolti na waya, maana ndizo mlizoziomba. Lakini mjue tangu mwanzo kwamba ninachotaka hasa kusema ni habari ya mtihani mmoja niliouharibu kwa makusudi, nao ulikuwa mtihani wangu mwenyewe. Kwa kufanya hivyo nilimzuia Tata Kazadi Kolwezi siku tisa, wakati watu wa asili yake walikuwa wakifukuzwa.

Jina langu mnalijua, Mama Ngoie. Niliingia kampani ya mgodi nikiwa msichana, na cheti changu cha kupiga taipu kutoka shule ya masista, na viatu vya dada yangu vilivyonizidi. Nilifikiri nitaonyeshwa mashine ya kuandikia. Badala yake mkuu wa chumba cha majaribio, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, alinivutia kiti kwenye meza ya watahiniwa. Huyo ndiye Tata Kazadi. Alinieleza kwamba katika biro yake, yaani ofisi, hakuna anayeandika matokeo ya mwenzake kabla hajakaa mwenyewe kwenye meza ile. Nikakaa.

Juu ya meza kulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni ubao wenye bolti za ukubwa mbalimbali, na nati zake zimechanganywa kwenye bakuli. Unafunga kila nati mahali pake huku saa inahesabu. Cha pili ni waya wa shaba, unaukunja ufuate umbo lililochorwa kwenye karatasi. Cha tatu ni mashine ndogo yenye vishikio viwili. Mkono wa kushoto unapeleka penseli mbele na nyuma, wa kulia unaipeleka kando, na mikono yote miwili ni lazima ipatane ili penseli ipite katika mfereji uliopindapinda bila kugusa ukingo. Mikono yangu haikupatana hata kidogo. Tata Kazadi aliacha kuhesabu makosa, akaandika kitu kwenye fishi yangu, ile kadi ya matokeo, akasema kampani imepona, mimi sitaendesha lori kamwe. Sijaendesha mpaka leo, hata baiskeli.

Majaribio yale hayakuwa na maneno. Watu walitoka Bukama, Kamina, Sandoa, Kasai, wengine hawakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo maelekezo yote yalitolewa kwa mikono, kwa ishara zilezile, kwa mpangilio uleule. Mwezi wangu wa kwanza wa kusimamia nilimchekea kijana mmoja aliyekuwa anatetemeka kwa woga. Tata Kazadi alinisubiri mpaka mchana, kisha akaniuliza kama niko tayari kuwachekea wote waliobaki kwenye foleni, maana tumeshampa mmoja kitu ambacho wengine hawakupata. Walikuwa wengi. Niliwachekea wote, na mashavu yaliniuma hadi jioni.

Alinifundisha pia kwamba saa haitoshi, lazima uangalie uso. Tulikuwa na watu waliojiangusha kwa makusudi. Mtajiuliza nani anajiangusha akitafuta kazi. Ni hivi: wenye mikono mizuri na kichwa kilichotulia walipelekwa shimoni, kwenye mashine za chini, na wengi walitaka kubaki juu, kwenye karakana. Basi walicheza ujinga. Tata Kazadi aliwajua wote. Anayeshindwa kweli, aliniambia, anaangalia mikono yake na kuikasirikia. Anayejiangusha anakuangalia wewe, kuona kama umeamini. Tena hukosea mahali rahisi, kwa sababu kwake kote ni rahisi.

Nakumbuka kijana mmoja wa Bukama aliyefunga nati kubwa kwenye bolti ndogo huku akinitazama kwa macho makavu. Tata Kazadi hakumfokea. Alimketisha nje kwenye benchi, akazungumza naye, na ikajulikana kwamba kaka yake alifia shimoni. Akamrudishia jaribio baada ya siku mbili, akaandika matokeo yake ya kweli, yaliyokuwa mazuri mno, na chini yake akapendekeza karakana, kwa sababu mtu anayeliogopa shimo ni hatari kwa wenzake wa shimoni. Wakubwa walikubali. Kijana yule alikuja kuwa fundi wa pampu ambaye watu walimgombania.

Si wote walikuwa hivyo. Alikuja mwingine na barua kutoka kwa mkubwa mmoja. Barua ilikuwa nzuri sana. Mikono haikuwa nzuri. Tata Kazadi aliibana barua nyuma ya fishi, akaandika matokeo kama yalivyo, akaenda kula. Kijana yule aliishia kwenye bohari akihesabu mifagio, na lazima niseme aliihesabu vizuri.

Aliyechaguliwa hakupewa kazi siku hiyo. Alipewa mgongo. Alisimama nyuma ya mwenye kazi miezi mingi, kwanza bila kugusa kitu, halafu akishika huku mwenyewe amesimama kando, mwisho mwenyewe anatoka chumbani na kurudi bila kubisha. Mtu huyo aliitwa dublure. Ili dublure ahesabiwe kuwa tayari, tume ya watu watatu ilimpima na wote watatu wakatia sahihi. Mimi nilipiga taipu miaka mingi kabla Tata Kazadi hajaniomba niwe dublure wake. Nilifurahi, nikashona kitenge kipya, na nilimwambia kila mtu sokoni kwamba kitenge hakihusiani na jambo lolote.

Tata Kazadi alizaliwa kambini hapa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai na watu wa kampani waliokuwa wakitafuta wafanyakazi vijijini, akapandishwa gari la moshi na mke wake, akafanya kazi mpaka akazikwa hapa. Mwanawe hakuwahi kuiona Kasai. Alisema Kiswahili chetu kama sisi, alikula bukari, huo ugali wetu, na dagaa wa Bukama kama sisi, na kanisani alikaa benchi la tatu kushoto. Mimi ni Muluba wa kaskazini ya Katanga. Kama tusingeandika asili ya baba kwenye fishi, mtu asingetutofautisha, na tuliiandika sisi wenyewe, mimi na yeye, kwa kila mtu, bila kufikiri itatumika kwa nini.

Kisha ikaja miaka mibaya. Kwanza vipuri vilikoma. Halafu sehemu ya mgodi wa chini iliporomoka, na shaba iliyotoka ikawa kidogo. Darasa la mafunzo likabaki na wanafunzi wachache, tukapanga bolti kwenye bakuli asubuhi na kuzipanga upya mchana. Watu wakianza kukosa, wanatafuta wa kumlaumu. Wakubwa wa siasa wakahubiri kwamba Wakasai wamechukua nafasi za wenyeji, na watu tuliosali nao wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wakapita mitaani wakipiga milango na kutoa siku za kuondoka. Wakasai wakabeba magodoro yao wakaenda kusongamana kwenye stesheni, kungoja treni ya kwenda nchi ambayo wengi wao hawakuijua.

Kazi ikaingia nayo katika jambo lile. Amri ilitoka kwamba kila mwenye asili ya Kasai ambaye dublure wake yuko tayari aachiliwe, na ambaye hana dublure aliye tayari abaki kwanza kazini, maana mashine haziwezi kusimama. Kwa hiyo chumba chetu, kilichokuwa kimelala, kilijaa. Asubuhi hadi jioni Tata Kazadi aliwapima vijana wa kuchukua nafasi za watu wa kwao. Aliwapima kwa ishara zilezile, kwa mpangilio uleule. Nilimchunguza sana siku hizo nione kama mkono wake utakuwa mzito kwa yeyote. Haukuwa.

Zamu yangu ikafika. Tume ingenipima Jumatatu. Majirani walishaanza kuniita Mama Shefu, na shemeji yangu alinipongeza kana kwamba nimezaa mapacha. Mimi nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Nikiwa tayari, Tata Kazadi anaondoka. Nisipokuwa tayari, anabaki. Sikumwambia mtu, hata yeye. Niliona ni jambo jepesi na jema, na nilishangaa kwamba hakuna mwingine aliyelifikiria.

Tume ilinipa fishi tatu za watahiniwa niwapangie kazi na kueleza sababu. Mwenyekiti, injinia mzee aliyechoka, alisoma gazeti. Wa pili alikuwa mtu wa karakana, wa tatu wa ofisi ya Likasi. Tata Kazadi alisimama ukutani kama desturi ilivyotaka. Fishi ya kwanza ilikuwa ngumu, matokeo yanayopingana, mtu mwenye mikono ya haraka na macho mabovu; niliifanya vizuri bila hata kukusudia, maana nilikuwa na kiburi cha kazi yangu. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya mtu ambaye mikono yake ilitetemeka katika majaribio yote matatu. Mtoto wa shule angejua pa kumweka. Mimi nikaandika apewe lori kubwa la machimbo. Mwenyekiti aliweka gazeti chini, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Wakaandika kwamba sijawa tayari na nitapimwa tena Jumatano ya wiki inayofuata, siku tisa mbele. Nilirudi nyumbani, nikapika huku nikiimba.

Siku zilizofuata Tata Kazadi alifika kazini kwa wakati, kama kawaida, lakini shati halikupigwa pasi. Siku ya tatu lilikuwa shati lilelile. Nilidhani ni huzuni. Mambo ya nyumbani kwake hakuyaleta biro hata siku moja kwa miaka yote, na mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba aliyezuiwa na kampani analindwa na kampani. Sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu la pili, na nadhani ni kubwa kuliko la kwanza.

Ijumaa, watahiniwa walipotoka, alivuta kiti cha meza ya majaribio.

"Ikala, Mama Ngoie."

Nikakaa. Aliweka zile fishi tatu mbele yangu.

"Karatasi ya nguvu uliifanya bila kosa," akasema. "Ile ya mutu ya kutetemeka, ukamutuma ku lori. Na wakati ulikuwa unaandika, uliniangalia."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka abaki.

"Najua. Njo maana sikukasirika," alisema. "Lakini mama yangu iko mu gare, kule stesheni. Bibi na batoto beko mu gare. Nyumba baliikamata siku ileile ya mutihani. Kampani iko na vagon ya bantu yake mu treni, na jina ya familia inaingia mule kama karatasi ya kuachilia baba imetoka. Yangu haiyatoka. Vagon ya kwanza ilienda juzi, sisi tukabakia chini."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba alitaka kunipa nafasi ya kusema mwenyewe, kama alivyowapa wengine wote. Alingoja siku nne.

Nilikimbia kwa mwenyekiti, kweli nilikimbia, na vile mnavyoujua mwili wangu. Nilimwomba anipime saa ileile. Akasema mjumbe wa tatu amerudi Likasi na atafika Jumatano, na karatasi yenye sahihi mbili si karatasi. Nilitaka kukiri pale. Lakini ningefungua mdomo, wangesema mimi na Tata Kazadi tumepanga pamoja, na wakati ule watu walipigwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Nikafunga mdomo, nikatoka.

Kesho yake nilikwenda stesheni na blanketi mbili na sufuria ya bukari. Sitaeleza yote niliyoyaona, wengine wenu wazazi wenu walikuwa pale. Ilikuwa majira ya mvua. Familia zilijipanga kando ya reli chini ya mahema ya vipande vya kanga na mabati. Mama mzazi wa Tata Kazadi alikuwa amelala juu ya masanduku mawili yaliyounganishwa, anakohoa. Nilimwomba nimpeleke kwangu Dilala apumzike kwenye kitanda. Alikataa kabisa. Karatasi ya mwanawe inaweza kutoka saa yoyote, alisema, na hataki vagon impite yeye yuko kitandani kwa watu. Nikamfunika, nikarudi Jumapili, nikarudi Jumatatu na dawa ya kikohozi.

Alikufa Jumatatu hiyo mchana. Tata Kazadi alimzika siku ileile na Jumanne alikuwa kazini, mbele ya foleni.

Jumatano mjumbe wa Likasi alifika. Walinipa fishi tatu nyingine na nikazipanga zote sawasawa. Mwenyekiti akasema ameona nimesoma sana. Sahihi tatu zikawekwa, na karatasi ya Tata Kazadi ikatoka kabla ya saa sita.

Vagon iliondoka siku iliyofuata. Nilikwenda kuwaaga, na njiani nilijiapiza kwamba nitamwambia mke wake kila kitu, niombe msamaha, anitukane ikibidi. Mama Mbuyi alikuwa ameshapakia masufuria, watoto wanne wamekaa juu ya mafurushi mlangoni mwa vagon. Hakunipa nafasi. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa blanketi, na akaanza kunisimulia habari zake mwenyewe.

"Bakubwa balikatala kumuachilia," akasema. "Wengine bote baliachiliwa mbio mbio, lakini yeye hapana. Balisema kazi itasimama. Mama mukwe alikuwa anaambia bantu bote hapa, mpaka siku ya kufa: mutoto yangu iko mutu ya lazima. Alikufa na furaha ile. We uko wa biro, Mama Ngoie. Elezea batoto, basikie mu kinywa yako."

Watoto walinigeukia. Tata Kazadi alikuwa amesimama nyuma ya mke wake na sanduku mkononi. Nilimtafuta kwa macho anisaidie. Aliniachia niamue mwenyewe.

"Njo vile," nikawaambia watoto. "Baba yenu iko mutu ya lazima. Bakubwa habakutaka aende."

Mkubwa wao, msichana wa miaka kama kumi, aliitikia kwa kichwa, kwa fahari. Tata Kazadi akapandisha sanduku, akanipa mkono, akaniambia watahiniwa wa kesho ni wengi, nifike mapema. Nikamwitikia kwamba nitafika. Treni iliondoka taratibu sana, kwa sababu watu walikuwa wamekaa hadi juu ya paa.

Nilifika mapema. Nilikaa kwenye kiti chake miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, chini ya wakubwa wa kila aina na kampuni za kila nchi, na sikuandika tena asili ya baba ya mtu yeyote. Nafasi ile ya fishi niliiacha tupu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Watahiniwa waliojiangusha niliwaketisha kwenye benchi nikawauliza sababu. Na kila dublure aliyepita mikononi mwangu nilimuuliza habari za nyumbani kwake, hata walioona ninawachunguza. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote. Mengine kompyuta inayajua.

Tata Kazadi alifariki kule kule Kasai, nimeambiwa na watu waliorudi. Wamerudi wengi siku hizi, na watoto wao wanaomba kazi katika biro zenu. Mmoja anaweza kuwa wake. Mkimpata, mpeni karatasi hizi asome hadi mwisho. Baba yako alikuwa mtu wa lazima, mwanangu, hilo nililisema na ni kweli. Lakini kampani ilikuwa tayari kumwachilia tangu Jumatatu ya kwanza. Nyanya yako alifia kando ya reli kwa sababu mimi sikutaka baba yako aondoke.